Namna ya Kufanya Kazi Huku Unasoma Chuo, na Kuvikosa Vyote Viwili kwa Heshima

Karibu, mdogo wangu. Weka begi chini, vuta zipu ya koti hadi shingoni, maana baridi ya huku haina adabu kwa wageni. Najua kilichokuleta. Umepata chuo, umepata mkopo wa asilimia fulani, na sasa unatafuta kikazi cha kujazia pengo. Nyumbani wamekuonya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wazee wetu walikuwa na matumaini mno: walidhani moja itabaki mkononi. Nifuate mimi, zote mbili zitaponyoka, na bado utapita mtaani watu wakikuita msomi.

Mwongozo huu ni wa Mbeya na Iringa. Wenzetu wa Dar es Salaam wana wa kwao, na joto lao linawasaidia: mtu anatoka jasho, watu wanadhani ametoka kazini.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya boom vibaya

Boom, ile posho ya kujikimu inayokuja na mkopo, ni shilingi 10,000 kwa siku. Ilikuwa 8,500 kwa miaka mingi, ikapandishwa mwaka wa masomo wa 2022/23. Lakini Bodi ya Mikopo haikupi elfu kumi yako kila asubuhi. Inakupa ya siku 60 kwa mkupuo, yaani 600,000 kwa aliyepewa kamili. Mtu wa kawaida ataigawanya kwa sitini. Wewe usigawanye. Itazame ilivyo, laki sita nzima imekaa kwenye simu yako, uiite mshahara. Mshahara una heshima. Posho ya kujikimu inasikika kama jambo la wakimbizi.

Wiki ya kwanza ni ya kujionyesha, usiiruke. Kula chipsi kuku mbele za watu, na maharage yatasubiri. Nenda Mwanjelwa, au Mlandege kama uko Iringa, uchambue mtumba mpaka upate lile koti lililojaa manyoya ambalo Mzungu mmoja alilichoka. Badilisha simu. Simu mpya ni lazima, kwa sababu kazi utakayotafuta baadaye itatangazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kisha mwenye nyumba. Tuseme geto ni 40,000 kwa mwezi. Yeye hataki mwezi, anataka miezi sita, na anaitaka leo. Hiyo ni 240,000. Usishangae amejuaje. Wenye nyumba wa karibu na vyuo wanajua boom imetoka kabla kiongozi wako wa darasa hajatuma tangazo.

Sasa mbolea, na hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini tunapowazidi wote. Vyuo vinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba au ndani ya Novemba. Mvua za kupandia nazo zinaanza Novemba. Kwa hiyo boom ya kwanza na DAP vinagombea wiki ileile. Mama atakupigia simu kutoka Kilolo, au Rungwe, au Ludewa. Hatataja pesa hata kidogo. Atakuuliza unakula vizuri, atawasalimia rafiki zako, halafu atasema, "Huku jana imenyesha, mwanangu. Imenyesha ya kutosha." Atanyamaza. Utasikia kuku wakilia nyuma yake.

Wewe tuma. Usiulize mifuko mingapi. Bodi ya Mikopo inafadhili kilimo cha mahindi kusini mwa nchi hii kuliko inavyojua, na hakuna fomu yake yenye kisanduku cha kuandika mbolea. Ukituma, ongeza sentensi moja: "Usijali mama, nina kikazi kidogo hapa mjini." Huna. Lakini sasa umeshatangaza, na kuanzia siku hiyo nyumbani wataanza kukuita tegemeo. Cheo hicho ndicho kitakachokuamsha saa kumi usiku kwenda kutafuta hicho kikazi.

Ukiwa umefuata maelekezo, siku ya ishirini mfuko utakuwa mweupe na siku arobaini zitakuwa mbele yako. Vizuri. Tuendelee.

Hatua ya pili: chagua kazi kwa kuangalia nani atakuona

Kuna kazi ambazo ningekukataza. Tuisheni ya watoto wa kidato cha pili ni mojawapo. Inalipa, inafanyika jioni, na inakulazimisha kurudia hesabu ulizozisahau; mtu akizoea anaweza kufaulu. Nyingine ni kununua masweta ya mtumba kwa robota na kuwauzia wanaotoka Tanga na Mtwara, ambao hufika na shati moja la mikono mifupi na imani kwamba Tanzania yote ni joto. Mwezi wa sita, baridi ya Iringa ikianza kuuma, hawapatani bei hata kidogo. Ni biashara nzuri sana. Ndiyo maana sikushauri: utaonekana umebeba robota kichwani na mtu wa darasani kwako atapiga picha.

Saidia fundi ni kazi ya heshima, ila saruji haitoki kwenye nywele kabla ya kipindi cha saa mbili.

Nakupendekezea tatu. Kwa Mbeya, bajaji. Kwa Iringa, stesheneri. Kwa kote, uwakala wa kutuma na kutoa pesa.

Bajaji inavutia kwa sababu unaitwa dereva, na dereva anakaa mbele. Mwenye bajaji anataka hesabu yake kila jioni, tuseme 20,000, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ni yako. Faini ni yako. Kinachobaki baada ya hapo ni chako, na mara nyingi kinachobaki ni maumivu ya mgongo. Uzuri wake mwingine ni ratiba. Saa ambazo abiria wamejaa Kabwe wakitaka kwenda Uyole ndizo saa ambazo mwalimu anaanza kipindi, na saa ambazo barabara imekauka ndizo saa maktaba imefungwa. Ukitaka kuchagua kazi inayogombana na chuo dakika kwa dakika, hutapata bora zaidi.

Utavaa kofia ya sufu, utazungusha skafu hadi puani. Baridi ya Mbeya ni rafiki mkubwa wa mwanafunzi mwenye siri. Hakuna atakayekuuliza kwa nini umejifunika. Hata hivyo iko siku utasimama Mafiati, mtu atainama aingie, na utamtambua kwa viatu kabla ya uso. Ni Dokta wako wa takwimu. Atakaa nyuma kimya mpaka Soweto. Kisha atasema:

"Wewe si uko darasa langu?"

"Shikamoo, Dokta. Huyo ni pacha wangu."

"Marahaba. Mwambie pacha wako testi ni Alhamisi."

"Nitamfikishia, Dokta."

Akishuka, mtoze nauli yake kamili. Mwanafunzi wake angemsamehe, lakini pacha hana sababu.

Uwakala ni kazi ya kukaa, na wengi huidhania nyepesi. Unapewa mwavuli, kiti cha plastiki na simu mbili, pamoja na floti ya bosi. Floti ndiyo ya kuangalia. Ni nusu milioni isiyo yako, imelala kwenye simu iliyo mkononi mwako, saa nane mchana, tangu jana hujala. Pembeni yako kuna kibanda cha kubeti. Sikushauri ubeti. Nakueleza tu mambo yalivyo: mkeka wa timu saba, sita zitashinda, ya saba itatoka sare dakika za nyongeza na mkeka utachanika. Bosi atakuja jioni kuhesabu. Ukifika hapo ruka moja kwa moja hadi hatua ya sita, halafu urudi.

Hatua ya tatu: sema uongo wa aina tatu, na usiuchanganye

Kuna watu watatu wasiopaswa kukutana maishani mwako: bosi, mwalimu na mama. Bosi asijue uko chuo, maana atahofia utaondoka. Mwalimu asijue unafanya kazi, maana atajua kwa nini unalala. Mama asijue chochote kinachohusu chuo wala kazi; yeye anajua unaendelea vizuri, na ndivyo ilivyo, kwa kuwa kuendelea unaendelea.

Weka kumbukumbu. Babu mmoja anaruhusiwa kufa mara mbili tu, mara moja chuoni na mara moja kazini. Msiba wa tatu unahitaji shangazi. Usimuue mtu ambaye bosi amewahi kuongea naye kwenye simu. Na kabla ya kutuma ujumbe, soma jina la juu. Yuko kijana aliyemtumia bosi wake wa stesheneri ujumbe mrefu wenye adabu tele, "Dokta, naomba radhi, nimelazwa na malaria kali," akajibiwa, "Pole sana. Dokta anasema njoo ufungue duka."

Hatua ya nne: hudhuria bila kuwepo

Vyuo vingi vinataka mahudhurio ya asilimia 75 ndipo uingie mtihani. Tafuta rafiki akusainie. Rafiki mmoja hatoshi, kwa kuwa naye ana kazi. Tafuta wawili, lakini waambiane, la sivyo watasaini wote na utakuwa umehudhuria asilimia 130, jambo ambalo hata Dokta wa takwimu atalishangaa kidogo.

Siku ukienda mwenyewe, lala. Ndiyo maana tulinunua koti lenye kofia.

Hatua ya tano: stesheneri, au jinsi elimu inavyokufuata ulipo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona mahali penye elimu nyingi kama stesheneri iliyo mkabala na geti la chuo. Maktaba haioni ndani. Chukua ile unayoweza kuikuta Iringa upande wowote, Kihesa, Gangilonga au njia ya Mkwawa: chumba kimoja, mashine ya fotokopi inayotoa joto kiasi kwamba mwezi wa saba watu wanaingia kuota, kompyuta mbili zenye virusi vya tangu zamani, spairo za rangi zimening'inia ukutani, na karatasi iliyobandikwa inayosema HAKUNA MKOPO, LEO WALA KESHO. Wewe umekaa katikati. Unalipwa 5,000 kwa siku na unaruhusiwa kuchajia simu.

Saa nne usiku, kesho ndiyo mwisho wa kukusanya kazi. Foleni imetoka nje. Kila anayeingia anakupa flashi, anasema "kaka, fasta," na unachapa. Ukifika saa sita utakuwa umechapa nakala arobaini za kazi ambayo wewe mwenyewe hujaianza. Wapo watakaokuambia ni kejeli ya maisha. Mimi nasema ni riziki.

Lakini kudesa, yaani kunakili kazi ya mwenzako, kuna kanuni. Usichukue kazi ya anayeongoza darasa. Mwalimu anayajua mawazo yake kama anavyoijua sura yake. Usichukue ya wa mwisho, kwa kuwa na yeye aliidesa hapohapo kwako muhula uliopita. Chukua ya wa katikati, mtu mpole, asiyekaa mbele wala nyuma. Badilisha jina kwenye jalada. Badilisha namba ya usajili. Kisha, na hili wengi hulisahau, shuka hadi chini ya kurasa, kule kwenye vijimaandishi vidogo, jina lake liko pale pia, mara ishirini na mbili.

Ikiwa ni ripoti ya utafiti, soma shukrani. Usiziruke. Zipo shukrani zilizokwenda hivihivi mpaka mezani kwa msimamizi zikimshukuru "mama yangu mpendwa, muuza mkaa wa Makambako, aliyenilea peke yake baada ya baba kufariki." Msimamizi ni mtu wa huruma. Atakupa mkono, atakuambia mama yako ni shujaa. Wakati huo baba yako mzazi amekupigia simu mara mbili asubuhi hiyo akiulizia mbolea. Utapokea pole. Utainamisha kichwa. Kuanzia hapo na baba naye utamweka kwenye daftari la misiba.

Siku hizi kuna akili mnemba, na najua unataka kuniuliza. Inaandika haraka, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi. Itumie, ila isome hata mara moja kabla ya kuwasilisha. Haikawii kuipa Iringa bandari.

Hatua ya sita: kopa kwa mpangilio

Anza na mama ntilie. Huyu ndiye taasisi ya fedha ya kwanza ya mwanafunzi, na hana masharti ya dhamana. Ana daftari la mistari lenye madoa ya mafuta, na haandiki majina, anaandika watu. Kaka Miwani, wali maharage, 1,500. Kaka Miwani, ugali dagaa, 1,500. Kaka Miwani, chai tu, hakusema. Ukurasa wako ukijaa, msalimie kabla hajakusalimia wewe.

"Shikamoo mama. Nitakulipa boom ikitoka."

"Marahaba mwanangu. Boom ipi?"

Cheka. Kaa ule.

Mama ntilie akifunga daftari, nenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Yeye anakupa laki, unarudisha laki na nusu, na dhamana ni kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Kadi italala kwenye droo yake na nyingine nyingi, zimefungwa kwa raba. Siku ya boom utaenda kusaini kwa kidole chako, pesa itaingia kwenye akaunti yako, na itatolewa na mtu mwingine kabla hujafika mashine ya kutolea. Kidole ni chako, jina ni lako, deni kwa Bodi ni lako. Pesa tu ndiyo ya jirani. Mikopo ya namna hii watu wameiita kausha damu, na jina limewakaa.

Kisha simu. Kuna huduma halali zinazokujazia kiasi kidogo salio lisipotosha, nazo zitajilipa zenyewe mara tu mama yako atakapokutumia nauli. Hizo ni za watu wenye subira. Wewe una hasira ya floti ya bosi iliyochanika na mkeka, kwa hiyo utapakua programu ya kukopesha, ile inayokuidhinishia kwa dakika tano bila kukuuliza chochote isipokuwa ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Bonyeza Kubali. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Usiisome orodha. Inaharibu hamu.

Siku ya saba utachelewa kulipa. Programu haitakupigia wewe, inajua hupokei. Itatuma ujumbe kwa kila aliye kwenye simu yako: fulani bin fulani anadaiwa, ametukimbia, wewe umewekwa mdhamini, mwambie alipe. Ujumbe utamfikia katekista, na fundi aliyewahi kukutengenezea kitasa. Mpenzi wa zamani atausoma mara tatu kwa raha yake. Na utawafikia, kwa sekunde ileile na maneno yaleyale, bosi, Dokta na mama.

Kazi yote ya hatua ya tatu imekwisha. Miezi minane ya kupanga nani anajua nini, babu waliozikwa kwa ratiba, pacha, malaria. Na mashine moja isiyojua tofauti ya mama na mwalimu imewaketisha wote mezani. Bosi atauliza, "Kumbe unasoma?" Dokta atauliza, "Kumbe unafanya kazi?" Mama hatauliza. Atakutumia 30,000, nawe utakaa ukijiuliza ameuza nini.

Hatua ya saba: ukiitwa ofisini, ingia na historia

Usiingie kwa kulia. Wanaolia wako wengi, viti vimeloa. Ingia na Mwalimu Nyerere. Mwambie Dokta kwamba mwaka 1967 Mwalimu aliandika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule iwe na shamba na karakana, na kwamba wewe na bajaji yako mnatekeleza. Akitikisa kichwa, mpeleke Musoma. Mwaka 1974 TANU iliamua kule kwamba kijana akimaliza sekondari asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza akafanye kazi, apate maoni ya mwajiri na ya chama, ndipo aombe nafasi. Ilikuwa kazi kwanza, chuo baadaye, kimoja kimoja. Waliolalamika walikuwa wengi, lakini hakuna aliyelazimika kuwa kwenye kituo cha bajaji na ukumbini saa mbili ileile.

Kisha miaka ya 1990 tukaambiwa tuchangie elimu, mwaka 2004 ikapitishwa sheria ya Bodi ya Mikopo, na utaratibu mzima ukajengwa kwa ajili ya mwanafunzi ambaye hana mama anayelima, hana mdogo wa kidato cha pili anayedaiwa mchango, wala mwenye nyumba anayetaka miezi sita. Mwanafunzi huyo simjui. Nimemtafuta Mbeya na Iringa, nikahisi pengine amepangiwa Dodoma. Sera ilisema changieni. Haikusema saa ngapi.

Utashangaa, Dokta atanyamaza. Atatazama saa. Naye ana kipindi cha kulipwa kwa saa kwenye chuo kingine upande wa pili wa mji, na ndiyo maana siku ile alikuwa kwenye bajaji yako. Mtatazamana kama wenzi wa kijiwe. Kisha atakupa sapu, mtihani wa marudio, kwa sababu alama ni alama.

Na hapa nikupe hesabu niliyoificha tangu mwanzo, maana ungeijua usingefika hatua hii. Mkopo unafuata matokeo. Ukisapu ukapita, salama. Ukikeri masomo, unaburuza mzigo. Ukishindwa kuvuka mwaka, boom nayo inasimama kukusubiri, na ukidisko, yaani ukiondolewa chuo, haikusubiri tena. Kule stesheneri ulikuwa unalipwa 5,000 kwa siku. Umeilinda kwa jino na ukucha, ukakosa vipindi kwa ajili yake, ukamzika babu kwa ajili yake, mpaka umepoteza 10,000 kwa siku. Mfanyabiashara wa viazi wa Uyole, ambaye hakumaliza la saba, angekuuliza mara moja unauza nini kwa hasara namna hiyo.

Deni lenyewe halidisko. Hilo linaendelea na masomo. Siku ukipata ajira, hata ya kitu tofauti kabisa na ulichosomea, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kabla hujauona, ndivyo sheria ilivyo tangu marekebisho ya 2016. Kwa hiyo utakuwa unalipia shahada ambayo huna kwa mshahara ambao huuoni. Wachache wamefika kiwango hicho cha ubora.

Hatua ya nane: hitimu hata hivyo

Usithubutu kukosa mahafali. Nyumbani wamesubiri miaka mitatu, wamechangishana nauli, wamekodi Noah nzima kutoka kijijini na wameondoka usiku ili wafike mapema. Ukiwaambia jina halimo, shangazi ataanza kupiga mayowe palepale stendi, na ni shangazi yuleyule uliyemzika mwaka wa pili.

Kodi joho. Karibu na vyuo wapo wanaokodisha, hawaulizi matokeo, wanauliza urefu. Vaa. Kaa mbali na mstari wa wahitimu, simama upande wa familia, useme umetoka nje mara moja kuwapokea. Kitabu cha majina wakikiomba, kimekwisha. Wakikipata kwa jirani, wewe uko kwenye kitabu cha pili. Mama hatafungua kurasa. Atalishika joho kwenye bega, alinyooshe, akuambie umekonda.

Piga picha nyingi. Mpiga picha atakuwa mwanafunzi mwenzako aliyefungua kazi ya kamera, na atakuchekea kwa jicho moja kwa sababu naye hayumo kitabuni. Mpe bei yake bila kubishana. Simameni mbele ya geti, kisha kwenye maua, kisha baba peke yake na joho lako, maana atataka na atashindwa kusema. Dokta akipita, mpungie mkono. Usimwite.

Chakula cha sherehe agiza kwa mama ntilie yuleyule, kwa daftari lilelile. Gunia la mahindi walilokuletea lisiende geto. Lishushwe kwake moja kwa moja, linafuta ukurasa mmoja na nusu. Bosi umwambie kesho utachelewa kufungua, una wageni, na hili angalau ni kweli.

Joho lirudishe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wanatoza faini, na wanakaa na kitambulisho chako cha NIDA.